Senti Kumi Isiyo na Tundu

Jambo lenyewe lilianza na sindano. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, masika ya mwaka 1952, na Mwinyimadi fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka pale Kisarawe kama kawaida yake. Alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akainua sindano usawa wa jicho, na uzi ukagoma kuingia. Akaukata upya kwa meno, akausokota, akajaribu tena na tena, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akamwambia kwa upole, "Fundi, labda sasa macho yanataka miwani."

Macho ya Mwinyimadi hayakuwa na neno. Alitoa mfukoni kioo chake kidogo cha kukuzia, kile cha mafundi saa, akaitazama ile sindano. Haikuwa na tundu. Haikuzibwa na kutu wala taka. Chuma kilipita moja kwa moja, laini, kama vile kiwandani walisahau kuitoboa.

Mwinyimadi akacheka peke yake. Mtu mwingine angeitupa, lakini yeye aliifunga kwenye kitambaa akaiweka salama, maana udhaifu wake ulikuwa huo: alipenda vitu vilivyokosewa. Hasa pesa. Kwa miaka tisa kila sarafu iliyopita mkononi mwake aliigeuza pande zote mbili kabla ya kuitia mfukoni, na zile mbovu alizihifadhi kwenye kopo la sigara. Alikuwa na shilingi iliyopigwa mara mbili, simba wake ana mikia miwili. Alikuwa na senti moja ambayo tundu lake lilikimbilia pembeni likala nusu ya jina la mfalme. Alijua kutofautisha kosa la kiwandani na ujanja wa mtu mwenye tupa, na hapa nchini alimjua mtu mmoja tu wa kuzungumza naye mambo hayo, naye ni Husseini, fundi saa wa Kariakoo, ambaye kila wakikutana alimwambia, "Miaka kumi na moja naitafuta senti kumi isiyotobolewa. Siku nitakayoiona, ndugu yangu, nitalala usingizi."

Na siku tatu kabla ya asubuhi ile ya sindano, Mwinyimadi alikuwa ameipata.

Aliipata Janga, upande wa Mlandizi, alikokwenda kupima kanzu za harusi. Bibi mmoja mjane, Bi Mwamini, alikuwa anapekua kisanduku chake kutafuta chenji, na ndani ya kipande cha kaniki Mwinyimadi akaiona: senti kumi ya mwaka 1924, pembe mbili za ndovu zimezunguka mahali ambapo palitakiwa pawe na tundu, na mahali hapo pazima, pamejaa, panang'aa. Akaomba kuitazama. Akaigonga kwenye jiwe, ikalia sawasawa. Akaikwaruza katikati kwa ukucha kutafuta risasi ya kuzibia, hakuna. Uso aliutuliza.

"Bibi, hii mbovu," alisema. "Dukani hawaipokei. Mimi nitakupa shilingi nzima, niwe naichezea tu."

Bi Mwamini aliifunga tena ile sarafu katika kipande cha kaniki. "Unaitaka kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Sema unaitaka."

"Naitaka, bibi."

Akamwekea kiganjani, kisha akamfumba vidole kwa mikono yake miwili, kwa nguvu ambazo Mwinyimadi hakuzitegemea. Alirudi Kisarawe akiendesha baiskeli huku anaimba. Alidhani amempunja.

Basi ile Jumatatu, kufika adhuhuri, sindano zake zote zilikuwa hazina matundu. Alinunua pakiti mpya dukani, akaifungua mbele ya mwenye duka, zote zikawa na matundu. Alipozigusa, matundu yakatoweka. Sindano ya cherehani nayo ikawa vivyo hivyo. Wateja walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Jumatano alitoa kanzu iliyokwisha, akakuta matundu ya vifungo yamejifunga, na hapakuwa na alama ya uzi wala mkasi, kitambaa kimoja tu kilichonyooka. Alitupa ile kanzu chini, akaiokota, akaitupa tena.

Nyumbani hakusema kitu. Mkewe Mwanaamina alikuwa na mimba ya miezi minane na siku, baada ya mimba mbili zilizoharibika, na mkunga, Bi Swaumu, alikuwa amemkataza kabisa kusumbuliwa. Kwa hiyo ni Mwanaamina mwenyewe aliyemfuata mumewe uani siku ya Ijumaa, ameshika kofia ya viua aliyokuwa anaishona miezi mitatu, kofia yenye vitobo mia kadhaa, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono wake.

"Nimeiacha juu ya mkeka nikaenda kuchota maji," alisema polepole. "Nimerudi. Ishike."

Mwinyimadi aliishika. Ilikuwa tambarare kama ngozi ya ngoma. Hakukuwa na kitobo hata kimoja.

"Labda unyevu," alisema. "Masika haya. Nguo inavimba."

Mwanaamina alikaa kwenye kinu, akaanza kulia bila sauti, si kwa hofu bali kwa uchungu wa kazi, na Mwinyimadi alisimama pale na kofia yake mkononi, huku anasikia kutoka ndani, kutoka chini ya kitanda lilipokuwa kopo la sigara, sauti nyembamba ya sarafu inayozunguka juu ya bati, inazunguka, inazunguka, na haianguki.

"Unasikia?" Mwanaamina aliuliza.

"Panya."

"Na hii harufu? Tangu juzi nyumba nzima inanuka shaba ya moto."

"Wahunzi wa bondeni," alisema Mwinyimadi, naye alijua kwamba bondeni hakuna wahunzi.

Kinachokera katika habari hii ni kwamba alikwishajua. Tangu ile kanzu alijua. Lakini kila alipolichukua lile kopo aende kulitupa, aliifungua ile kaniki aitazame mara moja tu, na akishaitazama, zile pembe mbili na ule uwanja mtupu katikati yake, alimwona akilini Husseini anavua miwani na kukosa la kusema, na akairudisha mahali pake. Alijiambia atampelekea kesho. Kisha akajiambia wiki ijayo, mvua ikipungua.

Mwanaamina alimwita Mwalimu Zahoro, mtu mtulivu aliyefundisha watoto msahafu. Alikuja na sahani nyeupe na wino wa zafarani, akaandika kombe, akaliosha kwa maji ya mvua, akamimina kwenye chupa, akasoma, akapuliza. Alipoinamisha chupa ili Mwanaamina anywe, halikutoka tone. Aliitikisa. Maji yalicheza ndani, na juu ya shingo ya chupa kulikuwa na kioo, kimeungana kama yai. Mwalimu Zahoro aliiweka chini taratibu sana.

"Mwinyimadi," alisema bila kumtazama, "humu ndani kuna kitu umekileta. Mimi sikiwezi. Kirudishe kilikotoka, na usichelewe, mwanangu. Tazama hali ya mkeo."

"Mwalimu, mimi sijaleta kitu."

Mwanaamina alimsikia mumewe akisema hivyo, na tangu hapo hakuzungumza naye siku mbili.

Siku ya tatu kuku wake alimaliza siku za kuatamia. Mayai kumi na moja, na hakuna lililopasuka, ila ukiyaweka sikioni ulisikia kifaranga kinahangaika. Mwanaamina alisubiri mpaka jioni, kisha akachukua moja akalibonyeza kwa kidole gumba. Mwinyimadi alikuwa mlangoni. Alimwona akikitoa kile kifaranga, kimelowa, kizima, kinarusha miguu, akakigeuza kwenye mwanga wa jua lililobaki, na pale panapokuwa na mdomo wake hapakuwa na mwanya wowote, mfupa mmoja tu wa njano uliofunga, na kifua kidogo kinapanda na kushuka kutafuta hewa ambayo haikuwa na pa kupitia, kinapanda, kinashuka, kinapanda, hadi kikatulia mkononi mwake.

Mwanaamina alikiweka chini. Akainua mikono, akashika masikio yake, na Mwinyimadi akaona kwamba vipuli vyake vimedondoka begani. Masikio yalitobolewa akiwa na siku saba. Sasa yalikuwa mazima.

"Nitakuuliza mara moja," Mwanaamina alisema kwa sauti ya chini. "Huyu aliyemo tumboni mwangu, atatoka na mdomo?"

Mwinyimadi alikwenda chini ya kitanda akalichukua kopo.

Alfajiri, baada ya kuswali, aliondoka na baiskeli kwenda Janga. Alipokaribia reli ya Soga tairi la nyuma likalala. Alichomeka pampu, akasukuma, akasukuma, na hewa ikakataa. Vali ilikuwa imeziba, kipande kimoja cha shaba. Alisimama njiani akaipiga teke ile baiskeli, mara mbili, kisha akaiacha kwa walinda reli akatembea kwa miguu. Matope yalimvua viatu. Akavishika mkononi akaendelea, na kutwa nzima aliisikia ile sauti kwenye mfuko wa koti, inazunguka na haianguki. Alifika Janga alasiri, amechoka hoi.

Bi Mwamini alikuwa anamenya mihogo uani. Mwinyimadi aliona kwamba amenawiri, kama mtu aliyepona homa ya siku nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nakutazamia. Umekawia kuliko nilivyodhani."

"Nimekuletea pesa yako. Na ile shilingi sitaki unirudishie."

"Siichukui."

Alitua mzigo wake wote wa maneno aliyoyapanga njiani, akaona hayana kazi. "Bibi, nakuomba."

"Nimekaa nayo miaka ishirini na mitano," alisema Bi Mwamini, naye hakuacha kumenya. "Marehemu mume wangu, Mwishehe, alikuwa mganga. Aliitwa kumtoa jini kwenye nyumba moja ya Mlandizi. Wenzake huwafungia kwenye chupa, lakini chupa huvunjika. Naye siku hiyo alikuwa amepewa pesa hii sokoni. Senti kumi zote zina mlango katikati. Hii haina. Akamfungia humo, akafurahi. Kumbe yule aliyefungwa akawa anafunga na yeye. Mimi tumbo langu lilifunga, sikupata mtoto. Mwishehe alifungwa koo, siku nane hapiti hata mate, akafa kwa kiu na maji yapo kinywani. Kabla hajafa aliniambia, usiitupe, atakurudia. Umpe mtu atakayeitaka mwenyewe kwa kinywa chake."

"Ulijua nina mke mwenye mimba?"

"Hukuniambia, wala sikukuuliza." Bi Mwamini aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Na wewe hukuniambia thamani yake."

Mwinyimadi alikaa chini kwenye udongo mbichi. Akauliza, "Nikipata mwingine anayeitaka?"

"Utapona. Unaye?"

Alikuwa naye. Alimwona wazi, kwenye kibanda chake cha Kariakoo, na nyuma yake chumba kimoja chenye watoto saba. Ingekuwa safari ya kesho. Husseini angesema naitaka hata kabla hajaulizwa, na angelia kwa furaha. Mwinyimadi aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye, na mmojawapo wa wale watoto saba, mdogo kabisa, aliyekuwa na tabia ya kumpanda magotini na kumchezea vifungo vya shati, ndiye aliyemharibia hesabu.

"Au?" aliuliza.

"Au umtoboe. Umfungulie mlango. Mwishehe aliogopa, na mimi niliogopa, kwa sababu akitoka hatakuwa na kwao. Atakwenda kwa aliyemfungulia."

"Na aje kwangu. Nipe nyundo."

Bi Mwamini akampa nyundo na misumari, akajitia pamba za msufi masikioni, akakaa mbali. Mwinyimadi aliilaza ile sarafu juu ya jiwe. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukateleza ukamchubua kidole. Wa tatu ukapinda. Jasho lilimwingia machoni, akatukana, akachukua wa nne, nao ukaruka ukapotelea majanini.

"Pesa gani hii?" alisema. "Nimetembea kutwa. Nimekubali. Inataka nini tena?"

"Wewe ndiye unayekwepa," alisema Bi Mwamini kutoka alikokaa. "Nakutazama. Kila mara unapiga pembeni. Unaionea huruma."

Aliitazama. Alama zote nne zilikuwa ukingoni, nje ya pembe za ndovu. Ule uwanja wa katikati ulikuwa safi, haujaguswa. Mkono wake ulikuwa umeulinda bila yeye kujua, na aibu iliyompata wakati ule ilikuwa kubwa kuliko hofu yote ya siku zilizopita. Alichukua msumari wa mwisho, akauweka katikati kabisa, akamkumbuka Mwanaamina ameshika masikio yake mawili, akapiga.

Msumari ulipita kama unapita kwenye siagi, na kupitia katika lile tundu dogo kikaanza kutoka kitu ambacho hakikuwa moshi wala upepo ingawa majani ya mihogo yalilala yote upande mmoja, na harufu ya shaba ya moto ikajaa uani hata ikamwasha kooni, na pamoja na harufu ikaja sauti, pumzi moja ndefu iliyozuiliwa miaka mingi, inatoka na kutoka na haimaliziki, ikampita usoni, ikamzunguka kichwa kama mtu anayenusa, ikakaa kidogo kwenye sikio lake la kulia ikasema neno moja kwa lugha asiyoijua, kisha ikamwacha, ikaondoka juu ya mapaa kuelekea kusini mashariki, upande wa Kisarawe.

Mwinyimadi alibaki amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na senti kumi kama nyingine yoyote, ina tundu baya lililopinda. Bi Mwamini aliiokota, akaigeuza, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Sasa itanunua chumvi," alisema. "Nenda nyumbani, baba."

Alifika Kisarawe siku ya pili adhuhuri. Kutoka barabarani alisikia mtoto analia, akakimbia. Mwanaamina alikuwa amelala, amechoka, masikio yake yana matundu, na kando yake mtoto wa kike mzima, ana mdomo, ana pua, ana kila kitu. Mwinyimadi aliweka kipaji cha uso kwenye ukingo wa kitanda, akakaa hivyo.

Bi Swaumu alimvuta mpaka uani.

"Nimezalisha miaka thelathini," alisema kwa kunong'ona. "Sikiliza, na mkeo usimwambie. Huyu alizaliwa jana baada ya adhuhuri. Chini ya pua palikuwa patupu. Kama ganda la yai. Niliwatoa wanawake wote nje, nikamfunika, nikawa nasubiri akate roho ili nimwambie mama yake amezaliwa mfu. Ikafika alasiri. Hewa ya chumba ikawa nzito, mlango ukapigwa na upepo. Nikafunua nguo. Nikaona mstari, Mwinyimadi, unafunguka wenyewe kutoka upande huu kwenda upande huu, polepole, kama mtu anayefumua mshono. Lakini kabla hajalia, alivuta pumzi. Alivuta tu. Alivuta ndefu, ndefu, pazia likamfuata, na mimi nilikuwa nangoja aitoe." Bi Swaumu alifunga midomo yake. "Sikumwona akiitoa."

Walimpa jina la Mwanakheri. Alinyonya vizuri, alikua vizuri, na sindano za baba yake zilipitisha uzi. Siku ya saba ilinyesha mvua kubwa kutoka upande wa Pugu, na Mwanaamina, kwa kuogopa baridi, akaufunga mlango na kulisukuma komeo.

Mtoto alifumbua macho. Hakulia. Aligeuza shingo, shingo ya siku saba ambayo haikupaswa kuwa na nguvu hizo, akautazama mlango. Komeo likarudi nyuma lenyewe, taratibu, na mlango ukafunguka mpaka ukutani, mvua ikaingia.

Mwanaamina aliufunga tena. Ukafunguka tena, safari hii kwa kishindo kilichopasua fremu.

Maji yalikuwa yanatapakaa sakafuni kuelekea kwenye mkeka.

"Usiufunge," alisema Mwinyimadi.

"Tutaishi hivi?"

Mwinyimadi alichukua nyundo, akazing'oa bawaba moja moja, akaubeba ule mlango kichwani akaupeleka nyuma ya nyumba kwenye mvua. Aliporudi, amelowa chapachapa, Mwanakheri alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi.